Kaburi la Babu Limo Kwenye Daftari la Nani?



Mtu anayetaka kujua babu mzaa babu yake kazikwa wapi, jambo la kwanza hukimbilia makaburini. Atazunguka kati ya mawe, atainama kusoma maandishi yaliyokwisha kuliwa na mvua, atamuuliza mlinzi, na mlinzi ambaye ameajiriwa juzijuzi atamnyooshea kidole upande wa vichaka na kumwambia, "Ya zamani ni kule." Jua likimzidi anarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi ningemshauri aanzie kwingine kabisa. Ajiulize kwanza: siku babu alipofariki, nani alikuwa na haja ya kuandika kwamba amefariki?

Kwa sababu daftari la vifo haliandikwi kwa faida ya marehemu. Manispaa huandika kwa ajili ya ada na nafasi ya shimo. Padri huandika kwa ajili ya sakramenti. Hospitali huandika kwa kuwa kitanda kimebaki wazi. Jeshi huandika ili mshahara usiendelee kutoka. Kila mmoja kati ya hao alikuwa na kitabu chake, na kila kitabu kilikuwa na kabati lake, na makabati hayo leo yametawanyika, mengine hapa hapa nchini, mengine ng'ambo.

Na msitegemee sana cheti cha kifo. Tanganyika ilipata sheria yake ya kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1920, lakini sheria ile haikumlazimisha Mwafrika kuandikisha kifo cha mtu wake, na hali hiyo ilidumu miaka mingi. Kwa hiyo unapokwenda dirishani kuulizia kifo cha mkulima wa Kilosa aliyekufa 1931, na karani akakujibu kwamba hakuna kitu, usimwone mzembe. Serikali ya wakati ule haikuuliza.

Leo nataka nikae zaidi na kundi moja la marehemu, wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimewachagua hao kwa kuwa maswali yanayonifikia juu yao ni mengi, na kwa kuwa kisa chao kinaonyesha wazi namna mtu anavyoweza kuandikwa vizuri sana akiwa hai kisha akafutika akiwa kaburini.

Waingereza waliuteka mji wa Dar es Salaam Septemba 1916. Jengo la soko ambalo Wajerumani walikuwa wamelijenga wakaligeuza kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps kwa Kiingereza, na jina la kikosi likaganda mahali pale mpaka leo. Ndiyo Kariakoo yetu, kama ilivyo Kariokor ya Nairobi. Jengo la soko lililobuniwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970 limesimama katika kiwanja hicho hicho. Watu wanauza vitunguu na madera pale palipokuwa na mistari ya watu wakisubiri mizigo.

Wapagazi waliotumikia upande wa Waingereza katika vita vile vya Afrika Mashariki wanakadiriwa kufikia milioni moja au kupita. Waliokufa, kwa hesabu za Waingereza wenyewe, wanakaribia laki moja, na watafiti wengi wanaona hesabu hiyo ni ndogo. Risasi iliwaua wachache. Kilichowamaliza ni kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa. Mwanzoni mwa 1917 mvua zilifurika bonde la Rufiji, chakula hakikufika, na watu waliokuwa wakibeba posho ya askari walikufa kwa kukosa posho yao wenyewe. Upande wa Wajerumani nao ulibebesha watu vivyo hivyo, na wengi wao bila mshahara wowote.

Kikosi hiki cha Waingereza kilikuwa chini ya Oscar Watkins, afisa wa utawala aliyekijua Kiswahili vizuri. Mpagazi alipoingia aliandikwa, akapewa namba, na namba ikachorwa kwenye kisahani cha chuma cha kuvaa shingoni. Kikosi hicho ndicho mwenye daftari tunayemtafuta. Mtu aliyesahauliwa na kila mwandishi wa vita alikuwa na namba yake kwenye kitabu cha mishahara.

Chukua mstari mmoja wa kitabu cha namna hiyo uutazame kwa karibu. Kwanza namba. Kisha jina, na jina hilo huenda likawa Juma tu, au Juma bin fulani. Kisha kabila. Kisha chifu au jumbe aliyemtoa. Kisha wilaya. Mbele yake, kwa wino wa rangi nyingine au kwa penseli, tarehe, jina la kambi au hospitali, na ugonjwa uliofupishwa kwa herufi mbili tatu. Mstari umeisha hapo. Safu ya kaburi haimo, kwa kuwa mhasibu hakuhitaji kujua shimo liko wapi. Alihitaji kujua siku ambayo mshahara unakoma.

Msikilizaji mmoja wa upande wa Unyamwezi ameniuliza: anaanzia wapi, ikiwa anachokijua ni kwamba babu mzaa babu yake aliondoka 1917 pamoja na vijana wengine wa kwa mtemi wao, na kwamba mwenzake mmoja alirudi na habari kuwa amefia njiani upande wa Rufiji? Nyumbani walilia, wakakaa matanga, wakaanua matanga pasipo maiti. Hakuna zaidi.

Jamani, hapo pana mengi. Pana mwaka, pana mtemi, pana mahali, na pana mwenzake. Huyo mwenzake nampa uzito kuliko yote. Watu wale hawakuchukuliwa mmoja mmoja. Jumbe aliambiwa alete idadi, akaleta kundi. Kundi liliandikwa siku moja, namba zikafuatana. Kwa hiyo ukikosa jina la babu yako, tafuta jina la aliyerudi, au la kijana yeyote wa kijiji kile anayekumbukwa, kisha soma mistari ya juu yake na ya chini yake. Wazee ukiwauliza "Kazikwa wapi?" watatikisa kichwa. Waulize "Alikwenda na nani?" na utashangaa majina yatakavyotoka.

Halafu kuna tabu ya tahajia, na hapa watu wengi hukata tamaa mapema. Jina lile halikuandikwa na babu. Liliandikwa na karani aliyelisikia mara moja, katikati ya foleni, pengine kwa lafudhi asiyoizoea. Karani wa Kiingereza aliandika kwa sikio lake, na wa Kijerumani kwa lake. Mwanza kwenye karatasi za Kijerumani ni Muansa, Ujiji ni Udjidji, Mchagga ni Dschagga. Basi Chacha huenda amelala kwenye herufi T, na Juma kwenye D. Andika pembeni namna zote ambazo sikio la mgeni lingeweza kulipotosha jina lile, kisha zitafute moja moja. Na usilisahau jina la chifu, kwa kuwa makarani wengine waliliandika mahali pa jina la ukoo, na wajukuu wakabaki kutafuta mtu wa ukoo wasiokuwa nao.

Majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyosalia yako kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam. Baadhi yake Wajerumani waliyafukia ardhini walipokuwa wakirudi nyuma, yakafukuliwa baada ya vita. Naona ajabu kidogo kwamba karatasi zilizikwa na alama ikawekwa, zikafufuliwa, na wabebaji wake hawakuwekewa alama.

Sasa tufike kwenye makaburi yenyewe. Mwaka 1917 Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita, na msingi wake ulikuwa mzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, kwenye jiwe au ukutani, bila kujali cheo wala taifa. Ulaya waliutimiza kwa kiasi kikubwa. Hapa kwetu hawakuutimiza. Mapema katika miaka ya 1920, serikali ya Gavana Horace Byatt wa Tanganyika iliona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Uamuzi huo ulifanywa mezani. Makaburi yalikuwepo, yalijulikana, yalikuwa makubwa, na watu walikubaliana kuyaacha nyasi ziyafunike.

Badala yake ikajengwa sanamu. Mnara wa Askari wa Dar es Salaam ulizinduliwa 1927, na wa Nairobi na Mombasa ni ndugu zake. Maneno yaliyochongwa chini, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yalitungwa na Rudyard Kipling, na ahadi yake ni kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nenda ukauzunguke mnara ule pande zote nne. Hakuna jina la mtu hata mmoja.

Mimi ahadi ile huwa inaniudhi, nisiwafiche. Nani aliyekuwa na orodha ya majina? Aliyechonga jiwe ndiye aliyekuwa na orodha. Wana wa marehemu walikuwa Tabora na Kisumu na Machakos, hawakuwa na kitabu wala kisahani, na wengi hata ule mshahara wa baba yao uliobaki hawakuupata. Ndio waliokabidhiwa kazi ya kukumbuka.

Mambo yalianza kusemwa wazi miaka ya karibuni. Mwaka 2019 mbunge wa Uingereza, David Lammy, alitoa filamu iliyofika hadi Voi, Kenya, na ikaonyesha makaburi ya Wazungu yamepangwa vizuri ndani ya uzio, huku Waafrika wa vita vile vile wakiwa wamezikwa nje, vichakani, bila jiwe. Aprili 2021 tume yenyewe ikatoa ripoti yake. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Wahindi, Waafrika wa Mashariki na Magharibi, Wamisri na Wasomali, walikumbukwa kwa namna isiyolingana na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, ama hawakuandikwa majina ama hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wa wakati ule, Ben Wallace, aliomba radhi bungeni.

Linganisha na vita vya pili. Tarehe 12 Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail ilizamishwa karibu na visiwa vya Maldives, ikiwa imetoka Mombasa kwenda Colombo, na ndani yake mlikuwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hao hawana kaburi hata moja, bahari iliwachukua. Lakini majina yao yamo kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, katika makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Askari waliopotelea Burma bila kaburi wamo kwenye ukumbusho wa Rangoon, Taukkyan. Kwa hiyo ukiniambia babu yako alikufa 1944 akiwa KAR, yaani King's African Rifles, nitakwambia kaa kwenye kompyuta, fungua orodha ya tume, haina malipo, na una matumaini ya kweli kulikuta jina lake jioni hiyo hiyo, pamoja na namba ya kibao cha ukutani. Ukiniambia alikufa 1917 akiwa mpagazi, nitakwambia tuagize chai kwanza.

Kwa wa 1917, orodha hiyo itumie kwa njia nyingine. Usitafute jina, tafuta mahali. Fungua Moshi, Taveta, Morogoro, Iringa, Dodoma, Tanga. Soma tarehe za waliozikwa pale, hata kama wote ni Wazungu, Wahindi na askari. Makaburi ya jeshi yalifuata hospitali, na hospitali zilifuata reli na barabara ya majeshi. Palipo na maafisa waliokufa kwa kuhara damu mwezi fulani, wapagazi walikuwa wakifa jirani mwezi huo huo, wengi kuliko wao. Hilo halikupi kaburi, ila linakupa mji, na mtu aliyekuwa na "njiani, upande wa Rufiji" akipata jina la mji atakuwa amepiga hatua ambayo babu zake hawakuipata.

Na jihadhari na makaburi yaliyohamishwa. Yale ya vita ya Dar es Salaam unayoyaona Barabara ya Bagamoyo yameanza 1968. Makaburi 660 yalitolewa kwenye yale ya Barabara ya Ocean ili kupisha ujenzi wa barabara. Mwaka uliofuata, 1969, Tanzania ikatunga sheria ya kuhamisha makaburi, na tangu hapo miradi mingi imehamisha marehemu kwa mujibu wake. Namba ya kaburi kwenye karatasi ya 1920 haina maana kwenye kiwanja cha leo mpaka upate orodha ya uhamisho: namba ya kale mkono wa kushoto, namba mpya mkono wa kulia. Ukifika ofisini iulizie hiyo hasa. Ukiulizia "makaburi ya zamani" kwa jumla utaonyeshwa mlango.

Nisiwasahau ambao babu zao hawakuwa jeshini. Vitabu vya misheni ni hazina, na ni vya zamani kuliko vya serikali. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, na wakatunza hesabu ya watu wao. Kitabu cha Kikatoliki utakikuta kwa Kilatini, lakini usiogope, maneno ni yale yale kila mstari: ukiona obiit, amekufa, ukiona sepultus est, amezikwa, na linalofuata huwa ni mahali. Mtu aliyebatizwa akiwa mahututi hupewa alama ya in periculo mortis, na hapo ndipo wengine hupotea, kwa kuwa jina lake la kwao, Masanja au Mwanaidi, limeachwa na ameandikwa kwa jina alilolipata saa chache kabla ya kufa, ambalo ukoo haukulisikia kamwe. Mwombe paroko akuonyeshe pia kitabu cha ubatizo, maana pembeni mwa mstari mapadri huongeza habari za baadaye, kipaimara, ndoa, na mara nyingine kifo.

Kwa Waislamu wa pwani karatasi ni chache, na sioni kuwa ni upungufu. Kaburi lina mashahidi wawili, kichwani na miguuni, mara nyingi bila jina, na viwanja ni vya ukoo au vya msikiti. Karatasi ukizitaka, zitafute kwenye ardhi: hati za wakfu, kesi za mipaka, mirathi. Mtu aliyegombania shamba mbele ya kadhi aliwahi kutaja makaburi ya wazee wake kuwa ni alama ya mpaka wake, na karani akaandika. Kisha mtafute mzee wa familia iliyokuwa ikichimba makaburi pale. Ukimpata, kaa naye siku nzima.

Nimalizie na habari ya Cape Town. Januari 2025, kwenye bustani ya Company's Garden, ulizinduliwa ukumbusho wa Waafrika Kusini 1,772, wengi wao weusi, waliokuwa kwenye vikosi vya kazi na kufia barani Afrika katika vita vya kwanza bila kuwekewa ukumbusho popote. Kila mmoja amepewa nguzo yake ya mbao ya mvule, yenye jina na tarehe. Nchini Kenya nako madaftari ya zamani ya jeshi yamefunguliwa, na majina ya maelfu ya askari yanasomwa upya. Zamu yetu inakuja, na wataalamu wataanza kujadili mahali pa kuweka majina ya wapagazi.

Ningeomba wasiyaweke yote Dar es Salaam, pembeni ya yule askari wa shaba, ambako daladala zinapita na hakuna anayemjua mtu. Wayapeleke walikochukuliwa watu: Tabora, Songea, Kisumu, Machakos, kwenye boma la kila wilaya, kwa mpangilio wa machifu kama vitabu vya mishahara vilivyopangwa. Huko mtu akisoma "Juma bin fulani, wa kwa jumbe fulani," atajua ni wa nyumba ipi. Wenye wazee nyumbani, anzeni kuandika sasa: jina linavyotamkwa, jumbe wake, aliyekwenda naye na mwaka, hata kama mwaka wenyewe ni "ule wa mafuriko". Tume inapokea habari za familia, na karani wa safari hii angalau atakuwa na mtu wa kumsahihisha.

Juma lijalo tutazungumzia hati za mashamba ya minazi.